Mado, Kabla Hujaanza Kuwasifu Mashujaa

Mado,

Umeenda kwa yule dada msusi, Yaya Berta, kusukwa nywele, na mama yako ametoka kukutafutia viatu vya kuazima. Nyumba imebaki yangu. Nina saa tatu, labda nne, kwa sababu Berta husuka kwa mdomo kwanza, vidole baadaye. Nimesogeza meza karibu na dirisha ili nione ninachoandika.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutopita peke yako njia ya sokoni, ya kumsalimia mjomba wako kila Jumapili baada ya ibada, mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena mpaka lori liondoke. Siongezi hapo. Nataka kukuambia habari za kazi unayoiendea, kwa sababu niliifanya miaka kumi na saba, na niliifanya vibaya.

Unakwenda Lubumbashi kukaa mbele ya mikrofoni ya redio ya Kikristo mara moja kwa juma, uwaambie watu kitabu gani kinafaa, filamu gani inafaa, na nani katika wale wa televisheni anastahili kuingia kwenye nyumba ya Mkristo. Barua yao inasema utachambua "mawazo na mashujaa". Nilipoyaona maneno hayo mawili yamekaa pamoja, niliyatambua mara moja. Ni maneno yangu. Yalikuwa juu ya ukurasa wangu, kwa herufi nene, katika gazeti dogo la kampuni ya shaba.

Ulikuwa mdogo, unachokumbuka ni kwamba baba yako alikuwa mtu wa vitabu. Sikiliza basi ilivyokuwa. Kampuni ilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi hapa Shituru, tuliouita serkle, na nyuma ya ukumbi palikuwa na chumba cha maktaba. Mimi nilikuwa karani wa chumba hicho. Jumamosi na Jumapili walitundika kitambaa cheupe ukumbini, watu wakaangalia filamu, na mwisho wa mwezi mimi nikaandika ukurasa wa nyuma wa gazeti. Kila mara niliuliza maswali mawili: shujaa ni nani, na anatufundisha nini? Halafu nilijijibu mwenyewe, kama mwalimu anayetunga mtihani, anaufanya, na anajipa alama zote.

Watu walinipenda. Hapo ndipo nilipoharibika. Wanaume wa zamu walisimamisha baiskeli wakiniona njiani, wakaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama tulivyoamriwa kuitana wakati ule.

"Citoyen, ile filme ya leo iko muzuri?"

Nami niliweka mikono mgongoni, nikatazama bomba la kiwanda kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye moshi, nikasema: "Inategemea unatafuta nini ndani yake." Wakaondoka wameridhika. Sikuwa nimewaambia kitu.

Nataka uwajue mashujaa wangu. Palikuwa na mwenye farasi aliyeua watu hamsini kwa bastola moja, na hata siku moja hatukumwona akinunua risasi. Niliandika kwamba anatufundisha ujasiri. Palikuwa na mpiga karate aliyelipiza kisasi cha mwalimu wake kwa kuvunja mkahawa mzima, meza kwa meza, sahani kwa sahani, na hakuna aliyeuliza nani atafagia. Niliandika kwamba anatufundisha nidhamu. Palikuwa na kijana wa Kihindi aliyelia bondeni katika wimbo mmoja akiwa amebadilisha nguo mara tatu. Huyo alitufundisha uaminifu. Katika vitabu palikuwa na daktari mzungu anayefika msituni kuponya watu, na weusi wanambebea masanduku kurasa mia tatu bila hata mmoja wao kupiga chafya. Nikaandika kwamba kitabu hicho kinatufundisha kujitolea. Sikusema nani alijitolea na nani alibebeshwa.

Angetokea mbwa mwenye kichaa juu ya kitambaa kile, ningemkuta na fundisho.

Halafu wakaleta televisheni, wakaiweka ukumbini juu ya kabati. Kabla ya habari, unakumbuka, kichwa cha mkubwa wa nchi kilikuwa kinashuka kutoka mawinguni, taratibu, bila ngazi wala mwili. Sisi watu wazima tulikaa kimya tukingoja kishuke, ndipo tupewe habari. Hata hicho nilikiandikia. Nilisema picha ile inatufundisha matumaini. Mwezi uleule tulianza kula mara moja kwa siku hapa nyumbani.

Basi katika serkle hiyo palikuwa na mtu mmoja aliyejua kuangalia, na huyo hakuwa mimi. Alikuwa Papa Kabeya, jirani yetu, fundi wa mashine ya filamu. Babu yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Kabeya mwenyewe alizaliwa hapa, mtaa huuhuu, miezi sita kabla yangu. Alikaa katika kijumba chake cha juu, akaangalia kupitia tundu dogo, na kila filamu aliiona mara nne au tano kwa sababu alilazimika kuijaribu. Alikuwa amefikiri kuliko mimi. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta ya mashine na yangu ilikuwa na wino.

Siku moja alichanganya magurudumu ya filamu, akatia la nne kabla ya la tatu. Shujaa akafa, akazikwa, kisha akaonekana mezani anakula. Mimi nikaandika kwamba mtengenezaji ana ujasiri mkubwa wa kucheza na wakati. Gazeti lilipotoka, Kabeya alikuja nalo maktabani, kidole kimeshika mahali.

"Papa Mado, hapa umesifu kosa yangu."

"Kosa gani?"

"Ya nne ilitangulia ya tatu. Ule muntu alikufa mbele ya kukula."

Alicheka mpaka akashika rafu. Nikamwomba asimwambie mtu, na hakumwambia mtu. Mimi, ningekuwa yeye, mtaa mzima ungejua kabla ya jioni.

Miaka ikaharibika. Tanuri zikazimwa moja moja, mishahara ikachelewa, halafu ikaacha hata kuchelewa. Vitabu vya maktaba vilianza kuonekana sokoni, ukurasa kwa ukurasa, vimefungiwa karanga, na naweza kukwambia kwamba baadhi yavyo havikuwahi kufanya kazi njema kuliko hiyo. Gazeti likabaki karatasi mbili. Ukurasa wangu haukuondolewa. Mkubwa wa idara alisema watu wanahitaji mashujaa zaidi wakati wa njaa. Nilikubali, kwa sababu lilikuwa wazo la kijinga na lilinihitaji.

Wakati huo ndipo vijana wa mjini walipoleta mchezo wao ukumbini, mchezo ambao baadaye ulionyeshwa kwenye televisheni ya jimbo. Kijana aitwaye Kisimba anarudi kutoka masomoni. Anakuta wageni wamekula shamba la mama yake, wameshika maduka, wameshika ofisi, na mmoja wao amekalia kiti cha marehemu baba yake. Wageni wale walisemeshwa Kiswahili cha watu wa Kasai, kwa kukivuta na kukipinda, na ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Mwishoni Kisimba anashika mwenge, wageni wanatoka na mizigo kichwani, mama anambariki mwanawe. Watu walipanda juu ya mabenchi.

Niliandika ukurasa wangu kwa nusu saa, na sijawahi kuandika kwa furaha kama ile. Nilijiona nimeamka. Nilijiambia: kumbe miaka yote nimesifu farasi za watu na mawingu ya watu, leo nimesifu cha kwetu. Nakuandikia maneno yenyewe ili usije ukayasikia kwa mwingine: "Shujaa wetu tumempata. Hakungoja farasi, hakushuka kutoka mawinguni. Anatufundisha kufagia nyumba yetu wenyewe."

Kabeya ndiye aliyeshika taa usiku wa mchezo. Gazeti lilipotoka alikuja tena maktabani. Safari hii hakucheka.

"Nimesoma, Papa Mado."

"Unawaza nini?"

"Umeandika muzuri." Aliweka gazeti mezani. "Lakini bale batu ya mwisho. Bale banatoka na mizigo. Uliwaona?"

"Wale wageni?"

"Minye nilikuwa nawapiga taa mu macho, niko karibu kabisa. Banatoka banane, banapita, hakuna hata mumoja anasema kintu. Mwanzo banasema sana, batu bacheke. Mwisho, hakuna. Muntu anafukuzwa kwake na hasemi hata 'acha nikamate sufuria yangu'. Weye unayua muntu wa namna ile?"

"Papa Kabeya, ni mchezo tu."

"Njo ile nasema. Beko bananyamazishwa, na weye haukuandika."

Nilidhani ameudhika kwa sababu ya kabila lake. Macho yake yaliona kitu ambacho yangu hayakukiona, nami nikayaita kabila. Kwamba watu wale wananyamazishwa: hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya pekee iliyofaa kuchapishwa juu ya mchezo ule, ilisemwa katika maktaba yangu, na sikumpa hata kiti.

Kulikuwa na mtu mwingine maktabani alasiri hiyo, na ni lazima nikutajie. Kijana wa miaka ishirini hivi, Dieudonné, msomaji wangu bora. Alikuja kila siku. Nilimwazima vitabu kupita kiasi kilichoruhusiwa, nikamfundisha kusoma kwa sauti, mahali pa kutua, mahali pa kuinua. Alipomaliza kitabu alinirudishia maswali yangu mawili kabla sijamuuliza: "Mwalimu, shujaa ni huyu, na anatufundisha hiki." Niliona nimepanda mche. Alisikia yote aliyosema Kabeya. Kabeya alipotoka, Dieudonné alisema, "Hawa hawawezi kupenda mchezo wetu," na mimi nikaendelea kupanga kadi.

Sasa ile siku. Sehemu ya jikoni unaijua kuliko mimi. Nitakupa sehemu ya dirishani, ambayo sikuwahi kukupa, na nadhani kwa miaka hii minne umekuwa ukisubiri.

Mambo ya kufukuza watu wa Kasai yalikuwa yamekwisha kuanza mitaa mingine. Wakubwa walihutubia redioni, na barabarani watu waliozaliwa hapa walianza kuitwa bilulu, wadudu. Nilijua kwa siku mbili nzima kwamba vijana watafika mtaa wetu. Sikuvuka kwenda kumwambia Kabeya. Nilijiambia kwamba bila shaka anajua. Ni hatua kumi na nne kutoka mlango wetu mpaka wake.

Walifika saa sita mchana, wamejifunga majani kichwani. Walisimama kwa Kabeya. Nilikuwa nyuma ya pazia. Dieudonné alikuwa mbele, na aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Akasoma ukurasa wangu, mbele ya mlango wa Kabeya, wote. Alitua pale nilipomfundisha kutua. Alipofika "kufagia nyumba yetu wenyewe", wenzake waliitikia: kufagia, kufagia.

Nitakuambia jambo ambalo hata mama yako halijui. Kabla hofu haijaja, kabla sijaelewa ninachokiona, kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Nilisikia sentensi yangu inasomwa vizuri nikafurahi. Nimejaribu kuikumbuka pumzi ile kwa namna nyingine. Haibadiliki.

Wakati huo wewe ulikuwa umekwisha toka kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulipita kwenye mtaro wa maji machafu, penye tundu la ua, ukaingia kwa Kabeya kwa nyuma, ukarudi umemshika mkono Kaku, mama yake Kabeya, ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzima. Mimi nilimkuta jikoni kwetu amekaa chini kando ya mbabula, jiko letu la makaa, anapapasa vyungu kujua yuko kwa nani.

Nikakwambia: "Mado, mrudishe kwao."

Uliniangalia. "Papa, nimurudishe wapi? Kwao njo pale bale batu beko."

"Watakuja hapa."

"Bakuye."

Waje tu, ulisema, ukampa maji. Mama yako alifunga mlango na akaegemeza mgongo wake hapo. Na baba yako, mchambuzi wa mashujaa, alikwenda chumbani kutafuta kitambulisho chake, ili wakiingia awaonyeshe kijiji alichotoka babake. Nilikishika nimekaa kitandani mpaka kelele zikaisha. Hukuingia kunitafuta. Nilikushukuru kwa hilo, na baadaye nikaelewa kwamba hukuwa umeniheshimu, ulikuwa na kazi.

Hawakuja kwetu. Walitoa vitu vya Kabeya nje, wakachoma kitanda na viti, na jioni jamaa yake ilikwenda kituo cha treni na kile kilichobebeka. Kaku alikaa siku mbili jikoni kwetu. Siku ya tatu ulivaa sare ya shule, ingawa shule ilikuwa imefungwa. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema mwanafunzi hawampigi. Mkatoka, wewe na yeye, mkashikana mikono mpaka kituoni. Nilikwambia nina kazi maktabani. Maktaba ilikuwa na rafu tupu na mimi.

Watu walikaa kituoni majuma na majuma wakingoja behewa, chini ya vitambaa na maturubai, mvua inanyesha, watoto wanaharisha. Nilikwenda mara moja tu. Usije ukafikiri nilikwenda kuomba msamaha. Mkubwa wa idara alinituma kuchukua funguo za kijumba cha mashine, maana zilibaki na Kabeya.

Njiani nilijitayarisha. Nilikuwa nimeona mno filamu zenye watu wanaoagana kituoni, nikajua mambo ni mawili: atanilaani au atanisamehe. Nilikuwa na jibu kwa yote mawili. Nilimkuta anafunga turubai kwenye nguzo kwa kamba fupi. Alitoa funguo mfukoni mara moja, kana kwamba naye zilikuwa zinamsumbua.

"Ile taa ya mashine," alisema, "ukitaka kuisongesha, ngoja ipoe kwanza. Ikiwa moto itapasuka. Na gurudumu la tatu nililitia alama nyekundu, isichanganyike tena."

"Papa Kabeya," nikasema.

"Na umuambie Mado, Kaku anamusalimia sana."

Akarudi kwenye kamba yake. Nikatia funguo mfukoni, nikaondoka. Na unajua nilihisi nini njia nzima ya kurudi? Hasira. Nilimkasirikia kwa sababu hakuniambia kitu. Nilikuwa nimekwenda kama mtazamaji, na nikaona mchezo haukuniridhisha.

Jumapili ya kwanza niliiendesha mashine mwenyewe, nikaisogeza taa ikiwa moto, ikapasuka. Ya kubadilisha haikuwapo nchini kote. Ndivyo sinema ilivyokwisha Shituru, kama ulikuwa hujui. Sisi tulimlaumu kila mtu mwingine.

Kuna salamu moja uliyoipata imepotoshwa. Nilikwambia kwamba jamaa ya Kabeya walifika salama. Kabeya, mkewe na watoto walifika. Kaku alifia katika behewa, siku ya tano. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa katika safari ile alinieleza. Walimshusha kituo ambacho hakukijua jina, wakamzika kando ya reli, treni ikapiga honi. Nimekaa na habari hiyo miaka mitatu. Nilisema moyoni kwamba nakulinda. Ukweli ni kwamba sikutaka ulie mbele yangu ukiwa na haki ya kulia, na mimi nikiwa sina.

Gazeti lilitoka mara moja tu baada ya hapo. Nilipewa ukurasa mzima, naweza kuandika chochote. Nilichambua kitabu cha ufugaji wa nyuki. Niliandika kwamba nyuki anatufundisha umoja.

Sasa nije kwenye barua uliyoipokea, ambayo umeiweka ndani ya Biblia yako.

Imetiwa sahihi na "Ndugu Dieudonné, mkuu wa vipindi". Ni yeye. Wewe ulikuwa mtaroni na jikoni saa ile, hukumwona usoni, na maktabani ulikuwa huji. Mimi niliijua hati yake kabla ya kufika kwenye sahihi, kwa sababu alinijazia kadi za vitabu miaka miwili. Pembeni kabisa ameniandikia mimi mstari mmoja, nawe uliuona ukacheka, ukadhani ni heshima ya kawaida: "Mwalimu, ukurasa wako ulinifungua macho." Amekuchagua kwa sababu ya ukurasa ule. Anadhani kalamu inarithiwa.

Nimekaa na jambo hili majuma matatu. Ulikuwa unaimba ukifua. Mama yako amekwisha waambia wanawake wote wa kikundi cha maombi kwamba bintiye atasikika redioni. Na mimi, ambaye sijaleta mshahara ndani ya nyumba hii tangu sijui lini, niliona ni afadhali usijue, ule vizuri, ulale vizuri, ufanye kazi. Ona jinsi ninavyopenda kukulinda wakati kukulinda hakunigharimu kitu.

Siku hizi Dieudonné ameokoka. Inawezekana ni kweli, sina kipimo cha kuingiza rohoni mwa mtu. Lakini niliangalia moja ya kaseti za video ambazo redio yao inauza, kwa jirani. Kuna mchungaji kijana, suti nyeupe, anaingia nyumba yenye matatizo, ananusa hewa, ananyoosha kidole. Mchawi ni shangazi mzee aliyekaa pembeni. Kabla ya kidole anasemeshwa maneno ya kuchekesha. Baada ya kidole analia tu, anaviringika, anatolewa nje. Watu waliokuwa sebuleni walisema amina. Mimi nilisikia Kabeya anasema: hata sufuria hakuomba. Ni mchezo uleule, Mado. Wamechukua mwenge mkononi mwa Kisimba wakampa Biblia. Dieudonné hushuhudia kanisani juu ya pombe na wanawake aliowaacha. Watu waliokuja kutoka huko wananiambia hajawahi kushuhudia juu ya mlango wa Kabeya. Mimi naye tuko sawa hapo, na ndiyo maana nimekuwa nikimdharau kwa raha sana.

Utakapofika atakupa kaseti hizo kwanza. Atataka useme hewani kwamba zinafaa. Ningekuwa mimi, ningesema zinatufundisha maombi, na ningelipwa mwisho wa mwezi. Wewe sijui utasema nini. Unaweza kwenda na kusema ulichokiona, na labda kazi itaisha juma lilelile. Unaweza usiende. Unaweza kwenda na kunyamaza kwa muda, kwa sababu nyumba hii inahitaji unga, na mimi ndiye wa mwisho duniani wa kukucheka. Sitakuchagulia. Nilikuwa mchaguaji wa watu wengi.

Ila sitaki uende ukidhani mimi nakuomba uwe shujaa. Neno hilo nimelichoka mpaka kwenye fizi. Siku ile sketi yako ilikuwa imelowa maji ya mtaro, kwikwi ilikushika, ulikuwa unamwambia Kaku ainue mguu, ainue mwingine. Hukusema neno la maana hata moja. Ungepita hivyo katika filamu, nisingekuandikia mstari. Ningedhani ni mtu anayekatisha tu nyuma ya wale wanaoigiza. Miaka kumi na saba niliangalia kitambaa kile, na aina yako ya mtu lazima ilipita pale mara nyingi, nikawa nakodolea farasi.

Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuhusu kazi hii, na siijui dawa yake. Labda ni kuangalia zaidi ya mara moja. Labda ni kupata mtu kama Kabeya na kumpa kiti.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute Lubumbashi. Ingenifaa sana: wewe kule, mimi hapa, na barabara mbovu katikati. Nimebadili. Utakapoingia, kichwa kinakuuma kwa nywele za Berta, nitakupa mkononi. Uisome leo, mezani hapa, wakati bado unaweza kusema kwamba kesho hupandi lori. Mama yako akirudi na viatu, aisome naye kama unataka.

Nitakaa kiti cha mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kuniuliza, uniulize. Ukitaka kulia juu ya Kaku, ulie. Sitaondoka.

Papa yako